Muuguzi anapofungua kibanda: jinsi ya kusimamisha kazi ya zahanati bila kupoteza taaluma



Katika makazi na makambi ya wakimbizi ya ukanda wetu si ajabu kumkuta sokoni mtu aliyewahi kukuchoma sindano. Jana alivaa sare na kupima homa za watoto; leo anapima mchele, anauza sabuni au anakaanga mandazi. Watu hunong'ona: amefukuzwa? Amewachoka wagonjwa? Mara nyingi si hivyo. Amesimamisha uuguzi kwa muda ili apate cha kulisha nyumba yake.

Makala hii inawahusu wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya wanaofikiria kufanya hivyo, pamoja na wale ambao tayari wamefanya. Inawahusu pia majirani zao, kwa sababu jirani ndiye anayebisha hodi saa nne za usiku akiomba sindano kwa mtu ambaye sasa ni mwenye duka. Tumeiandika tukiyafikiria hasa makazi ya Uganda, kama Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, wanakoishi ndugu wengi kutoka Kongo. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa walioko nchi nyingine jirani.

Ujumbe wetu ni mmoja: kuacha zahanati kwa muda si kosa wala si aibu, lakini kuna kuondoka kunakoacha mlango wazi na kuna kuondoka kunakoufunga. Tofauti kati ya hayo mawili hutokana na mambo machache ambayo yako mikononi mwa muuguzi mwenyewe.

KWA NINI WANAONDOKA

Sababu ya kwanza ni kipato. Wahudumu wengi wa afya ambao ni wakimbizi hulipwa motisha, si mshahara kamili, hata pale wanapokesha zamu sawa na wenzao wenyeji. Motisha hiyo ilipangwa wakati ambapo familia ilipata pia mgao wa chakula au fedha. Nchini Uganda mgao huo ulianza kupunguzwa mwaka 2020 na umepunguzwa tena mara kadhaa tangu hapo. Mgao ukipungua, motisha peke yake haifiki mwisho wa mwezi.

Sababu ya pili ni mikataba. Mwaka 2025 misaada ya nchi wafadhili ilipokatwa kwa ghafla, mashirika mengi ya afya yalipunguza wafanyakazi. Wapo waliofungua vibanda kwa sababu tu kazi yenyewe ilikwisha.

Sababu ya tatu ni vyeti. Muuguzi aliyesoma Kongo ngazi ya A2, au A1 katika ISTM, hawezi kuanza tu kutibu watu Uganda. Anapaswa kuandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1996. Vyeti vya Kifaransa vinahitaji tafsiri, na aliyekimbia bila vyeti ana safari ndefu zaidi. Wakati anasubiri, watoto hawasubiri.

Zipo pia sababu za nyumbani: mzazi mgonjwa, mtoto mchanga, uchovu wa zamu za usiku. Zote ni sababu halali.

Kuhusu biashara yenyewe, sheria hutofautiana. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara kwa kufuata taratibu za nchi. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1998, inambana zaidi kuhusu kutoka kambini na kufanya kazi. Kabla ya kununua hata katoni moja ya sabuni, uliza ofisi inayohusika na wakimbizi mahali ulipo, uliza kamati ya wakimbizi, na uliza serikali ya mtaa kuhusu leseni na ushuru wa soko.

KABLA HUJAVUA SARE

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8. Upungufu huo ni mkubwa zaidi katika nchi maskini. Kwa hiyo kituo chako kitakuhitaji tena, au kituo kingine kitakuhitaji. Ondoka kwa namna itakayokuruhusu kurudi:

1. Uliza kwanza kama unaweza kupewa likizo isiyo na malipo, au kupunguziwa zamu, badala ya kuacha kabisa. Wengine wamekata tamaa kabla ya kuuliza.

2. Toa taarifa kwa maandishi, kwa muda uliotajwa katika mkataba wako. Kutoweka baada ya kupokea motisha ya mwezi kunaharibu jina kuliko miaka mingi ya kazi nzuri inavyolijenga.

3. Kabidhi kazi. Rejista, funguo za kabati la dawa, vifaa na sare virudishwe na kuandikwa. Muhimu zaidi, kabidhi wagonjwa: wanaotumia dawa za kifua kikuu, wanaotumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wajawazito wenye hatari, watoto walio katika mpango wa lishe. Mgonjwa aliyezoea sura moja anaweza kuacha dawa asipoiona sura hiyo. Mtambulishe kwa mwenzako kabla hujaondoka.

4. Omba barua ya utumishi inayoonyesha tarehe ulizofanya kazi, kitengo na majukumu yako. Barua hii ni rahisi kuipata leo na ni ngumu kuipata miaka mitatu baadaye, mradi ukiwa umefungwa na msimamizi amehamia nchi nyingine.

5. Tunza vyeti. Weka nakala mahali pawili tofauti, na upige picha zake. Nyumba za maturubai huvuja na huungua.

6. Kama una leseni ya baraza, uliza kabla ya kuondoka: inaisha lini, inahuishwa vipi, na ni mafunzo gani ya kujiendeleza yanayotakiwa. Leseni iliyokufa kwa kusahauliwa hugharimu fedha na muda kuifufua.

7. Jiwekee tarehe ya kujipima, kwa mfano baada ya miezi kumi na miwili. Siku hiyo kaa na familia muulizane: turudi, tuendelee, au tugawane, mmoja dukani na mwingine zahanati?

DUKA SI ZAHANATI

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Wewe umevua sare, lakini majirani bado wanaiona mwilini mwako. Watakuja. Watakuja usiku, watakuja wakati kituo kimefungwa, watakuja kwa sababu foleni ni ndefu au kwa sababu wanakuamini.

Mama mmoja atasema: "Dada, wewe ndiye mganga wetu. Mtoto anaungua. Nimekuja na dawa, wewe choma tu." Ni vigumu kumkatalia mama huyo. Lakini fikiria kilichomo katika ombi lake. Dawa hujui imetoka wapi wala ilihifadhiwaje. Hujapima malaria. Hujui uzito wa mtoto. Huna mtu wa kukusaidia akizirai. Sindano isiyo safi huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B. Na mtoto mwenye malaria kali anayepozwa homa nyumbani anaweza kufika kituoni akiwa amechelewa.

Mjibu kwa upole na kwa haraka: "Mama, sina ruhusa wala vifaa vya kumchoma hapa. Lakini njoo tumtazame, kisha tuondoke pamoja." Halafu tazama dalili za hatari ambazo kila mhudumu wa watoto anazijua: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Dalili moja tu ikiwepo, mtoto apelekwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama ni kwa pikipiki ya mkopo. Kwa mjamzito, kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au degedege ni sababu ya kuondoka papo hapo.

Yapo mambo unayoweza kufanya ukiwa kibandani bila kuvunja sheria:

- Kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi.
- Kumlaza ubavu mtu aliyezirai lakini anapumua.
- Kumwonyesha mama jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha pakiti za ORS zisipokuwepo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta, si vya kujaza.
- Kumkumbusha mzazi tarehe ya chanjo.
- Kumwita mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) na kumsindikiza mgonjwa.

Usitoze fedha kwa mambo haya. Siku utakapopokea malipo ya kwanza, majirani watajua kwamba kibanda kimekuwa zahanati.

Vipi kuhusu duka la dawa? Wauguzi wengi huliwaza kwanza. Nchini Uganda mauzo ya dawa yanasimamiwa na mamlaka ya dawa ya taifa (NDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Duka dogo la dawa linahitaji leseni yake, msimamizi mwenye sifa zinazotambuliwa, na linaruhusiwa kuuza aina fulani tu za dawa, zile zisizohitaji karatasi ya daktari. Cheti cha uuguzi peke yake si leseni ya duka la dawa. Kuficha vidonge vya antibayotiki chini ya mifuko ya unga ni kosa mara mbili: kisheria, na kwa mgonjwa atakayenunua vidonge vinne badala ya dozi nzima, na kuwapa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni siri. Muuguzi aliye sokoni anajua hali ya afya ya nusu ya wateja wake. Anajua nani anatumia dawa gani na nani alipoteza mimba. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa mwaka 2021, zinamtaka muuguzi kulinda siri za wagonjwa. Ulichokijua ukiwa kazini hakigeuki kuwa habari za sokoni kwa sababu umeacha kazi. Hata kumwuliza mteja mbele ya wengine "dawa zako unaendelea nazo?" ni kuvunja siri. Jamii ikiona muuguzi mmoja anasema ovyo, itaacha kuwaamini wauguzi wote.

HESABU YA KIBANDA

Muuguzi ana ujuzi ambao wafanyabiashara wengi wapya hawana. Anajua kujaza rejista kila siku. Anajua kadi ya stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Anajua kwamba kinachokaribia kuisha muda hutolewa kwanza. Hayo yote yanafaa dukani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo kubwa ni kuchanganya fedha ya duka na fedha ya nyumba. Tuchukue mfano. Tuseme una mtaji wa shilingi 300,000 na unauza kwa siku shilingi 60,000. Bidhaa ulizouza ulizinunua kwa 50,000. Kwa hiyo umebakiwa na 10,000. Toa usafiri wa bidhaa 2,000, kodi ya kibanda 1,000 na mengineyo 1,000. Faida halisi ni 6,000. Ikiwa kila jioni unachukua 10,000 kwa chakula cha nyumbani, unaona kama unakula faida, kumbe unakula mtaji kwa 4,000 kila siku. Baada ya siku 75 hakuna mtaji tena. Kibanda kinafungwa, na mwenyewe anadhani amerogwa.

Dawa yake ni rahisi kuitaja: jilipe kiasi maalumu kisichozidi faida, na uandike. Kama faida haitoshi nyumba, ongeza mauzo au punguza gharama, lakini usiguse mtaji.

Tatizo la pili ni madeni. Muuguzi amezoea kumhudumia asiye na kitu, na watu wanajua ana moyo laini. Weka kiwango cha juu cha mkopo kwa mteja mmoja, andika jina na tarehe, na asiyelipa la kwanza asipewe la pili. Huruma ina mahali pake; ukitaka kumsaidia jirani, mpe kidogo kutoka mfukoni mwako, si kutoka rafuni.

Kuhusu kupata mtaji, epuka mkopo wa riba kubwa kutoka kwa mtu binafsi, hasa anayeshika kadi yako ya mgao kama dhamana. Njia salama zaidi ni kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho ndugu wa Kongo na Burundi hukiita AVEC. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991 ukisaidiwa na shirika la CARE. Wanachama huweka akiba kila wiki katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Ni tofauti na likelemba, ambamo kila mmoja hutoa na mmoja hupokea kwa zamu. Kwa likelemba unapata fedha zamu yako ikifika. Kwa AVEC unaweza kukopa unapohitaji, na akiba hugawanywa mwisho wa mzunguko.

SOKO LA KAMBI HUBADILIKA GHAFLA

Historia ya uuguzi yenyewe ina funzo kuhusu biashara. Mary Seacole alizaliwa Jamaika mwaka 1805 na alijifunza kutibu kwa mama yake. Wakati wa vita vya Crimea aliomba kujiunga na wauguzi wa Uingereza, akakataliwa. Akaenda kwa gharama zake, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaklava nyumba ya chakula na duka, akiwauzia wanajeshi na papo hapo akiwatibu majeruhi. Biashara ilikwenda vizuri. Kisha vita vikaisha mwaka 1856. Wanajeshi wakarudi kwao, bidhaa zikabaki bila wateja, na mwaka huohuo akafilisika. Wengi waliowahi kuhudumiwa naye walijitokeza baadaye kumchangia.

Hakuwa mvivu wala mjinga. Soko lake lilitegemea jambo moja ambalo yeye hakuliongoza. Soko la makazi ya wakimbizi liko vivyo hivyo. Mgao wa fedha ukichelewa wiki mbili, wateja hupotea wiki mbili. Watu wakirudi makwao au wakihamishwa, mtaa mzima unaweza kubaki mtupu. Kwa hiyo usirundike bidhaa kwa mwezi mzima, uza vitu ambavyo wenyeji wa vijiji vya jirani pia wanavihitaji, na usifunge mlango wa uuguzi. Taaluma yako ndiyo akiba yako ya pili.

UTIBABU HAUKUSUBIRI

Muuguzi anaporudi baada ya miaka mitatu au mitano, mikono yake inakumbuka, lakini miongozo imebadilika. Tazama mifano michache:

- Mwaka 2011 WHO ilipendekeza artesunate ya sindano badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali.
- Mwaka 2015 ilipendekeza kila anayekutwa na virusi vya UKIMWI aanze dawa bila kungoja kinga ishuke.
- Mwaka 2016 mahudhurio ya mjamzito yanayopendekezwa yaliongezwa kutoka manne hadi manane.
- Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Aprili, chanjo ya matone ya polio ilibadilishwa duniani kote kutoka ya aina tatu za virusi hadi ya aina mbili.
- Mwezi Aprili 2025 Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo.

Aliyekuwa sokoni miaka hiyo na hakusoma chochote angerudi akiwa na ujuzi wa zamani. Hilo ni hatari kwa mgonjwa. Njia ya kulizuia si ngumu. Tenga saa chache kila mwezi. Soma mwongozo wa tiba wa nchi unayoishi. Uganda ilitoa toleo jipya mwaka 2023. Omba kualikwa katika siku za mafunzo kituoni. Jitolee siku za kampeni za chanjo. Na siku ya kurudi usione haya kuomba wiki mbili au tatu za kufanya kazi chini ya mwenzako, hasa katika chumba cha kujifungulia na katika kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua.

KWA WASIMAMIZI WA VITUO

Tunawaomba nanyi msiwahesabu waliokwenda sokoni kama watoro. Wekeni orodha yao kwa ridhaa yao. Kipindupindu, surua au Ebola vinapoingia, watu hawa wanajua lugha, wanajua njia za mitaa na wanajua kujaza fomu. Lakini msiwaite bila kuwapa mafunzo mapya, vifaa vya kujikinga na malipo yaliyokubaliwa. Mlipuko wa Ebola wa Uganda uliotangazwa Januari 2025 ulimgundua kwanza muuguzi, ambaye alifariki. Uzoefu peke yake hauzuii virusi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, nikifanya biashara nitaondolewa katika orodha ya mgao? Vigezo hubadilika na hutofautiana kati ya makazi. Uliza dawati la malalamiko na ushauri mahali ulipo, wala usitegemee uvumi.

Je, naweza kuvaa sare yangu ya zamani kibandani? Hapana. Sare inamwambia mteja kwamba unatibu.

Je, naweza kufanya zamu chache huku nina duka? Ndiyo, mwajiri akikubali na ukipata usingizi wa kutosha. Muuguzi aliyekesha kisha akafungua duka alfajiri hukosea dozi.

Je, nikirudi na biashara imekufa, nitachekwa? Anayecheka siku hiyo ndiye utakayempokea mtoto wake wakati wa kujifungua. Rudi na barua yako ya utumishi, vyeti vyako na daftari lako, na mwombe mwuguzi mkuu wa kituo kilicho karibu nawe akupangie siku ya mazungumzo.